Mlango Unaosimama na Geti Linaloning'inia



Mama yangu ana miaka 84. Anaishi nasi hapa kaskazini magharibi ya London tangu mwaka 2011, na kwa muda wote huo alikuwa na ada moja ambayo si mvua wala baridi iliyoweza kuikatiza. Baada ya sala ya alasiri hutoka kwa mlango wa nyuma, akapita geti la bustani, akavuka kichochoro, akaingia kwa shoga yake. Shoga mwenyewe ni bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala na kufukuzwa huko, yeye na Wahindi wenzake, na Idi Amin mwaka 1972. Watoto wangu humwita Ba. Kiswahili cha Ba ni cha Kampala, cha Mama ni cha Unguja, na kubishana nani anasema sawasawa ni nusu ya raha yao.

Majira ya baridi yaliyopita ada ile ilikatika. Mimi nikadhani ni baridi. Mke wangu akadhani wamegombana. Wiki tatu zikapita, mpaka Ba mwenyewe alipopiga simu kuuliza kama Mama anaumwa. Nikamwendea Mama. Hakuinua macho kwenye tasbihi yake. "Geti lenu si la watu wazima, mwanangu," akasema. "Linataka bega."

Ni kweli geti lilikuwa likikwama, na jambo hilo nililijua siku nyingi. Kila nilipotoa pipa la taka nililiinua kidogo kwa mkono, nikalisukuma kwa goti, likapita likikwaruza sakafu ya zege. Mtu mwenye nguvu zake huzoea, hata akasahau kuwa kitu kimeharibika. Mama hakulalamika, maana yeye na wenzake wa rika lake hawakufunzwa kulalamika kwa mtoto wao. Alikaa ndani tu. Kisha akaongeza neno: "Mlango wa baba yangu ulikuwa mzito kuliko hilo gari lako, na mimi nilikuwa nikiusukuma kwa kidole, mtoto wa miaka sita."

Mimi ni mhandisi wa majengo. Shahada yangu niliipata hapa Uingereza, na kwa zaidi ya miaka 25 kazi yangu imekuwa kuhakikisha kuwa vitu vizito havianguki. Geti lile nililitengeneza kwa mikono yangu mwaka 2009. Basi mtafahamu kwa nini usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi yake nikachukua utepe wa kupimia, pimamaji na timazi, nikatoka nje. Niwaeleze nilichokiona, kwa sababu wengi wenu mnaoishi nchi hizi mna geti kama hilo nyuma ya nyumba: mbao zimepigwa wima juu ya fremu, bawaba mbili upande mmoja, komeo upande wa pili.

Uzito wa geti la namna hii haushuki chini moja kwa moja. Geti limeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo uzito wake unataka kulizungusha. Bawaba ya juu inavutwa itoke kwenye nguzo, na ya chini inasukumwa iingie ndani ya nguzo. Ukitaka kujua bawaba ya juu inavutwa kwa kiasi gani, chukua uzito wa geti, zidisha kwa nusu ya upana wake, kisha gawanya kwa umbali ulio baina ya bawaba mbili. Geti langu lina upana wa sentimita 90. Likilowa mvua lina kilo 30 hivi. Bawaba zimeachana sentimita 120. Hesabu inatoa kilo 11 na robo. Mtu anaweza kuzidharau kilo 11, lakini zinavuta skrubu nne fupi usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, ndani ya mbao laini inayolowa na kukauka.

Hapo nikakumbuka kuwa mlango wa babu, baba yake Mama, nao niliwahi kuupima. Babu alikuwa seremala wa milango, na mlango wa nyumba yao katika mtaa wa Malindi, Unguja, aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za mfenesi, bila nakshi nyingi, kwani nakshi zilikuwa za wateja. Nilipokwenda nyumbani mwaka 2019 niliupima kwa mapenzi tu, nikaandika vipimo katika daftari. Ni mlango wa mabawa mawili, kila bawa lina upana wa sentimita 70 na urefu wa mita 2 na nusu. Uzito wa bawa moja nakadiria kilo 80. Hauna bawaba. Kila bawa limeachiwa pembeni ncha mbili za mviringo, moja juu na moja chini. Ya juu imeingia katika tundu la kizingiti cha juu, ya chini imekaa katika tundu la kizingiti cha chini. Bawa zima limesimama juu ya ncha yake kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja huku ameshika boriti ya dari.

Sasa ifanyeni hesabu ile ile. Kilo 80, zidisha kwa nusu ya sentimita 70, gawanya kwa mita 2 na nusu, maana mlango huu unashikwa juu kabisa na chini kabisa. Jibu ni kilo 11 na nukta mbili. Nilirudia mara tatu kwa kutoamini. Mlango mzito karibu mara tatu ya geti langu unavuta pembeni sawasawa na geti langu, na hizo kilo 11 zinapokelewa na kizingiti kilichojengewa ndani ya ukuta mnene wa mawe na chokaa. Zile kilo 80 zenyewe hazining'inii popote. Zinakwenda chini, ardhini, bila kupitia skrubu hata moja. Paka shahamu kidogo katika tundu la chini na mtoto wa miaka sita ataufungua kwa kidole. Mama hakutia chumvi, isipokuwa kwenye habari ya gari.

Mafundi wetu wa zamani hawakuandika hesabu hiyo, lakini waliijua. Ndiyo sababu mojawapo ya milango mikubwa ya Unguja, Lamu na Mombasa kuwa na mabawa mawili membamba na marefu badala ya bawa moja pana. Watu wa utalii husimama mbele yake wakazungumzia nakshi na misumari ya shaba, nami sina ugomvi na nakshi, ila ningependa siku moja waoneshwe pia kile kitundu cha chini.

Ujuzi huo haukuanzia kwetu, wala hatuwezi kudai ni wetu peke yetu. Mkipata nafasi, nendeni katika Jumba la Makumbusho la Uingereza hapa London mkaangalie milango ya Balawat. Ni ya mfalme wa Ashuru, Shalmanesa wa Tatu, aliyetawala tangu mwaka 859 hadi 824 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mbao zenyewe zilioza zamani, lakini mikanda ya shaba iliyozungushiwa mabawa ilibaki, imechorwa vita na watu wanaoleta kodi. Kwa jinsi mikanda ile ilivyopindwa, wataalamu walitambua kuwa kila bawa lilipigiliwa kwenye gogo la mviringo, na chini ya gogo ncha yake ilizunguka ndani ya jiwe lililochimbwa tundu. Ni mlango wa babu huo, umemtangulia kwa miaka 2,800. Warumi nao walifanya hivyo hivyo. Katika ngome ya Housesteads, kwenye ule ukuta ulioanza kujengwa kwa amri ya Kaisari Hadrian mwaka 122, niliwahi kuwaonesha watoto matundu ya milango katika mawe ya kizingiti. Mtoto wangu mdogo alitia kidole, akauliza kama panya ndiye aliyechimba.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo, kwani aliyeifukua milango ya Balawat anatuhusu kuliko wengi wanavyojua. Jina lake ni Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, na aliipata mikanda ile mwaka 1878. Kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa Waingereza huko Aden. Wasomaji wa Maskati na wa Unguja wanakumbuka habari ya Sayyid Said, aliyefariki baharini mwaka 1856, na wanawe wawili, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, waliogombania urithi wake. Mwaka 1861 Rassam huyu huyu alipelekwa Maskati kuiwakilisha serikali ya Kiingereza katika mzozo huo. Tarehe 2 Aprili mwaka huo Lord Canning, aliyekuwa akitawala Uhindi kwa niaba ya Malkia, alikata shauri kuwa Unguja na Maskati ziwe dola mbili, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Kila mmoja wetu mwenye shangazi upande mmoja na binamu upande wa pili anaishi na uamuzi ule mpaka leo. Kila nikisimama mbele ya ile mikanda ya shaba siwezi kumfikiria Rassam na malango yake bila kufikiria hilo.

Turudi bustanini. Ikiwa mlango unaosimama ni bora hivyo, kwa nini Waingereza wakaning'iniza mageti yao? Nilidhani jibu litakuwa uvivu, kumbe nimewaonea. Mlango wa babu unahitaji ukuta. Unahitaji kizingiti cha juu cha kuishika ile ncha ya juu, na kizingiti kinahitaji jengo la kukibeba. Geti la shambani halina kitu juu yake isipokuwa mbingu, na mkulima hawezi kuweka boriti juu, kwani gari la majani makavu litapita vipi?

Na mashamba yenye mageti yaliongezeka mno katika nchi hii. Zamani sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji vya Uingereza ililimwa na kulishiwa mifugo kwa ushirika, bila ua baina ya mtu na mtu. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuigawa na kuizungushia ua, jumla yake ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano za ardhi yote ya England. Maskini wengi walipoteza malisho yao, na hiyo ni habari ndefu ambayo sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa tunaifahamu bila kufundishwa. Lakini kila ua ulihitaji geti, na kila geti lilihitaji nguzo iliyosimama peke yake uwanjani. Kwa hiyo wakaning'iniza. Chuma kirefu kilipigwa juu ya mbao ya geti, mwisho wake kikapindwa kuwa pete, na pete ikavishwa kwenye ndoana iliyopigiliwa katika nguzo. Ufundi wa vyuma vya namna hiyo walikuwa nao tayari katika milango ya makanisa. Mlango wa mwaloni ulioko Westminster Abbey, ambao uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulionesha ni wa miaka ya 1050, ndio unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote katika Uingereza.

Geti linaloning'inia lina ugonjwa wake, na dawa yake ni ubao mmoja. Fremu ya pembe nne, hata ikipigiliwa vizuri namna gani, hupinda ikawa kama kitanda cha kamba kilicholegea. Ukiitia ubao wa mshazari inakuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kupinda mpaka kitu kivunjike. Wakulima walilijua hilo kwa macho tu. Ubao wa mshazari huanzia chini, upande wa bawaba, ukapanda hadi juu upande wa komeo. Hapo uzito wa ncha ya geti unaukandamiza ubao kwa urefu wake, na ubao unausukuma uzito ule hadi kwenye bawaba ya chini. Mbao hupenda kukandamizwa. Ukiuweka kinyume, uanze juu kwenye bawaba ushuke hadi chini ya komeo, ubao unavutwa badala ya kusukumwa, na kinachoshikilia ni misumari miwili mitatu ya kila mwisho. Waya wa chuma unaweza kazi hiyo. Ubao uliopigiliwa misumari hauwezi.

Mnakwisha kufahamu ninakoelekea. Nikainama, nikaangalia ubao wangu wa mshazari. Ulianzia juu kwenye bawaba.

Ndugu zangu, mwaka 2009 nilikuwa nimekwisha kusimamia madaraja. Nakumbuka siku ile mvua ilikuwa inakuja, geti limelazwa chini kifudifudi, nikapiga ubao nikidhani kulia ni kushoto. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye ningempa alama kwa kosa kama hilo. Miaka yote nilimlaumu muuza mbao.

Lakini kosa langu lilikuwa na washirika wawili. Wa kwanza ni udongo. Nyumba za upande wetu nyingi zilijengwa baina ya vita viwili vikuu, reli ilipoufungua upande huu, na zimekaa juu ya udongo mzito wa mfinyanzi ambao hunywa maji ukavimba na kukauka ukasinyaa. Kiangazi cha mwaka 2022, joto lilipofika nyuzi 40.3 kule Coningsby tarehe 19 Julai, rekodi ambayo nchi hii haikuwahi kuiona, bustani yangu ilipasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono. Timazi ilionesha nguzo imeinamia ndani sentimita 2 juu. Sentimita 2 kwenye nguzo ni sentimita 1 chini ya komeo, na nafasi niliyoiacha chini ya geti ilikuwa sentimita 1. Ndiyo ile kelele ya kukwaruza.

Mshirika wa pili ni kuoza. Nilipochimba, nguzo ilikuwa nzima juu na nzima chini, imeoza pale tu inapoingia ardhini, kiasi cha upana wa kiganja, ambapo hewa na unyevu hukutana. Watu wamepigana na kiganja hicho kwa muda mrefu. John Bethell alipata hataza yake ya kushindilia mafuta ya lami ndani ya mbao mwaka 1838, na reli za dunia zikalazwa juu ya mataruma ya namna hiyo. Mwaka 1933 Mhindi mmoja, Sonti Kamesam, alibuni dawa ya shaba, kromi na aseniki iliyoenea dunia nzima, mpaka Ulaya ilipoizuia katika mbao za majumbani mwaka 2004 kwa sababu ya sumu. Mbao tunazouziwa sasa ni salama zaidi kwa watoto, nazo hufa mapema zaidi. Nilipoishika ile mbao iliyogeuka chapati mkononi nilizikumbuka boriti za mikoko zilizokuwa zikipakiwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji kwenda Ghuba, zikakaa katika dari za watu vizazi kwa vizazi bila dawa yoyote. Kweli, zilikaa darini, pakavu. Zingefukiwa katika udongo wangu tungeona.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi mbili. Niling'oa nguzo, nikachimba shimo la sentimita 75 ili lipite udongo wa juu unaocheza zaidi, nikaweka kokoto chini maji yapate pa kutokea, kisha nguzo mpya na zege, na juu ya zege nikaipa mteremko ili mvua isitulie kwenye shingo ya nguzo. Zege ikakaa wiki nzima. Bawaba ya juu sikuifunga kwa skrubu tena, nilitoboa nguzo yote nikapitisha bolti zenye nati upande wa pili. Nikabandua ubao wa mshazari, nikaugeuza, na ncha zake nikazichonga ziingie barabara katika pembe za fremu, kwa sababu ubao unaosukumwa lazima uwe na kitu cha kusukuma.

Mama alikuwa akitazama dirishani Jumamosi zote mbili. Ya pili alitoka na koti la mke wangu juu ya kanga zake, akasimama, akauliza mbona silipi geti mguu. Nikamwambia, Mama, juu hakuna kizingiti. Akafikiri. "Basi mpe wa chini tu."

Nilitaka kumweleza, kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Bawaba zingeweza kufanya kazi ya kizingiti cha juu, zishike geti lisianguke pembeni, na uzito ubebwe na mguu. Nilikuwa na kipande cha jiwe la kizingiti kilichobaki tulipotengeneza mlango wa mbele. Nikakitoboa tundu, nikakilaza kwenye zege chini ya bawaba, nikafunga pini ya chuma kisichoshika kutu chini ya fremu, ikashuka ndani ya tundu kwa sentimita 3. Ndani nikatia grisi ya magari, kwani shahamu haikupatikana. Mke wangu alipoona mhandisi mzima analichimbia geti la bustani jiwe kama la Shalmanesa alirudi ndani akicheka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Machi. Juzi nilikuwa jikoni jioni, nikamwona Mama anarudi kutoka kwa Ba, mkono mmoja sahani ya dhokla imefunikwa kitambaa, mkono wa pili bakuli letu tulilolipeleka na visheti. Alipofika getini nikainuka nikamfungulie. Sikuwahi. Alilisukuma kwa nyonga, likaenda mpaka mwisho, akapita bila kutazama nyuma, na huku bado anamjibu Ba kwa sauti, ng'ambo ya kichochoro, kwamba Unguja hawasemi hivyo.